Ugonjwa wa Baridi wa Kamyoneti ya Kayembe

Mimi ni Salama binti Soudi, fundi wa magari. Garaji yangu iko Kasuku, mtaa wa mji wa Kindu, nyuma ya maghala ya zamani, na mtu akiniulizia anaambiwa amtafute mwanamke mwenye turnevis, yaani bisibisi, kwenye kilemba. Kuna njia nyingine ya kunielekeza, fupi zaidi, nayo siipendi. Wanasema: binti wa yule Soudi aliyeshindwa kuwasha kamyoneti.

Hadithi hiyo ni mali ya Papa Louis Kayembe. Yeye ni mtu wa Kasai, alifanya kazi kwenye reli miaka thelathini, na tangu apumzishwe kazi hana jambo ila kunywa chai sokoni na kusimulia. Haisimulii kwa ubaya. Anaisimulia kama mtu anayesimulia jino lililong'olewa, ameshazoea mahali pa kucheka na mahali pa kutikisa kichwa.

Anasema hivi. Mwaka wa 2001, mwezi wa saba, vita ikiwa bado moto, askari waliokuwa wameshika mji walikuja nyumbani kwake alfajiri. Walikuwa wanaondoka kuelekea Lokandu kabla ya jua na walitaka kamyoneti yake iwabebee mizigo. Kayembe akapanda, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikakohoa, ikakataa. Kulikuwa na baridi na ukungu wa mto Lualaba ulikuwa umefika mpaka mlangoni. Wakatuma mtu amlete fundi, na fundi alikuwa baba yangu.

Baba akaja na sanduku lake. Akafungua kifuniko cha injini, akafungua chujio, akapuliza, akafunga. Nusu saa. Kisha akaja mlangoni kwa Kayembe, akaweka mkono kwenye kiti, akamwambia: "Papa Louis, endelea kujaribu." Hapo ndipo watu wa sokoni hucheka, kwa sababu hata mtoto wa shule anaweza kumwambia mtu aendelee kujaribu. Askari hawakucheka. Walimpiga kwa kitako cha bunduki mara mbili, wakamtwika gunia la chumvi, wakasema gari ikikufa, fundi atakuwa gari. Akaenda nao. Saa nne, jua lilipokuwa juu ya bati, Kayembe akazungusha ufunguo bila kutumaini kitu, na kamyoneti ikawaka.

"Ilikuwa baridi tu," Kayembe humalizia. "Baridi tu."

Baba hakurudi. Nilikuwa na miaka tisa. Mama yangu, Mwanahamisi, alimngojea mpaka chumvi ikapatikana tena sokoni, na hakuinunua kwa muda mrefu. Mimi niliingia kwenye ufundi kwa hasira, nalisema wazi. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, baba yangu hakujua kazi yake? Kama hakujua, basi alikufa kwa ujinga wa asubuhi moja, na mimi nitalala nikijua hivyo. Lakini kamyoneti yenyewe sikuwahi kuigusa. Kayembe hakumruhusu fundi yeyote wa Kasuku kuifungua kwa undani. Alisema fundi wa mwisho aliyeichungulia sana alikufa.

Aliitibu mwenyewe kwa njia za reli. Miezi ya baridi aliamka saa kumi na moja, akaweka mbabula, jiko la makaa, chini ya injini, akapepea kwa kipande cha katoni, akamwaga birika la maji ya moto juu. Ikikataa, na mara nyingi ilikataa, alisubiri watu watoke msikitini. Wanaume wa sala ya alfajiri walikuwa wakipita kwake njiani kurudi, Mzee Idrissa mbele yao, na bila mtu kuamrishwa waliweka mikono nyuma ya kamyoneti na kuisukuma kwenye mteremko mpaka iwake. Miaka ishirini na kitu Waislamu wa mtaa walimsukuma Mkatoliki kila msimu wa baridi. Siku ya Idi aliwapelekea mbuzi, na Krismasi wao walimpelekea mchele. Padri aliwahi kuwasifu kanisani kwa ujirani mwema, na hakuna aliyemweleza kwamba sababu yake ilikuwa injini ya mazutu.

Lakini watu huzeeka. Idrissa akapata mgongo. Vijana wakanunua pikipiki, na mwenye pikipiki hasukumi. Mwaka huu walibaki wanaume watatu na mke wa Kayembe, Mama Tshibola, ambaye kila asubuhi hupeleka mihogo yake kutoka Mikelenge mpaka soko. Mwezi wa saba, siku ya baridi kuliko zote, Mama Tshibola alisukuma, akateleza, akaangukia goti. Siku ya tatu alikuja garajini kwangu akichechemea, mumewe nyuma yake amebeba uso wa mtu aliyeshindwa kesi.

"Salama mwanangu," Mama Tshibola akasema, "mimi nimechoka. Nilifunga ndoa na Louis. Na hii gari sikufunga nayo."

"Gari haina ubaya," Kayembe akasema. "Iko na ugonjwa ya baridi. Hata muntu ya pumu anaishi mpaka uzee."

"Goti ndiyo hii. Angalia goti."

Niliangalia goti, kisha nikamwangalia Kayembe. "Papa, nitaitengeneza. Lakini nikiweza, ile hadithi ya baba yangu utaiacha. Hutaisimulia tena sokoni."

"Hadithi ni yangu."

"Louis," akasema Mama Tshibola.

Kayembe akatazama mbabula ya garaji yangu, akatazama bati, akatazama kila kitu ila mimi. "Sawa," akasema. "Ukiweza. Baba yako alikuwa muntu muzuri, lakini ile gari ilimushinda."

Ugonjwa unaotokea alfajiri hautafutwi mchana. Nilimwambia aiache ilale kwangu, naye akakubali kwa sharti la kuwepo. Kesho yake saa kumi na moja na nusu nilimkuta tayari amekaa kwenye tairi nje ya geti, koti la reli limefungwa mpaka shingoni, mbabula kati ya miguu. Nilimwambia mbabula ibaki nje. Akaitoa kama mtu anayemtoa mgonjwa chumbani.

Nilianza na betri. Ilikuwa nzima, na demara, mota ya kuwashia, ilizungusha injini kwa nguvu, bila kuchoka. Kwa hiyo si betri, na nilimwambia hivyo. Akasema hajawahi kusema ni betri. Nilimwomba azungushe tena nikasimama nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi mweupe ulitoka, mzito, unanuka mazutu mabichi, dizeli tupu. Mazutu yanafika, basi, ila hayaungui. Injini ya mazutu haina cheche kama ya petroli. Inataka joto, na asubuhi ya baridi joto hilo linatoka kwenye vijiti vinne vya chuma, buji za kupasha moto, ambazo umeme unazifanya ziwe nyekundu kabla hujazungusha. Joto likikosekana, injini inapumua mvuke tu mpaka jua liisaidie.

"Taa ya buji inawaka kwenye tablo, hapa mbele ya usukani," Kayembe akasema. "Inawaka, inazima, kila siku. Fundi mbili ya Mikelenge walibadilisha hata buji. Walisema injini imezeeka."

Ni kweli taa iliwaka ikazimika. Lakini taa ile inaonyesha kwamba umeme umeagizwa, haionyeshi kwamba umefika. Nilichomoa buji moja. Ilikuwa imewekwa mwaka wa 2012, kwa maneno yake, na iling'aa kama ya dukani. Haikuwahi kuungua hata siku moja. Niliirudisha mahali pake, nikaweka taa yangu ya kupimia kwenye waya wa buji, nikamwambia afungue ufunguo. Taa haikuwaka. Nilifurahi, kisha nikajikasirikia, kwa sababu hicho ni kipimo cha kwanza ambacho mwanafunzi wa miezi mitatu hufanya. Nusu saa baba yangu alisimama mbele ya injini hii. Kama hakupima hapa, basi Kayembe amesema kweli miaka yote, na mimi nilikuwa nimejiletea ushahidi mwenyewe.

Niliufuata waya. Kutoka buji kurudi nyuma ulipaswa kufika kwenye relai, kiungo cha umeme, vidole vitatu kutoka hapo, ukomee. Haukukomea. Uliunganishwa na waya mwingine, mweusi, umefichwa ndani ya mrija wa maji uliokauka, ukapita kwenye ukuta wa injini kuingia ndani kwa dereva. Hakuna kiwanda kinachofanya hivyo. Niliinua zulia. Waya ulipita chini ya zulia mpaka kwenye kiti cha dereva na kupotea ndani ya mto wa kiti, upande wa mlango, mahali ambapo kitambaa kilikuwa kimeshonwa upya.

"Papa, nani alishona kiti hiki?"

"Kimeshonwa zamani. Soudi alikishona, kabla ya ile siku. Alisema springi inatoka."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya mlango. Uzi ule haukuwa wa kiti. Ulikuwa uzi wa nyavu, wa nailoni, umepakwa nta, na mafundo yake yalikuwa ya wavuvi. Baba alizaliwa Lokandu, kwa watu wa mto, na hakujua kufunga kitu kwa fundo lingine. Alifunga hivyo mkoba wangu wa shule, kamba ya nguo, mguu wa kuku wa Idi. Mama alikuwa akimlalamikia kwamba hakuna kitu ndani ya nyumba kinachofunguka. Nilipasua mshono pembeni, nikiacha mafundo. Ndani kulikuwa na butoni ya taa ya kitandani, ile ya kubonyeza, imefungwa kwa waya mbili. Ilikuwa imezimwa. Kwenye plastiki yake mtu alikuwa amekwaruza namba 7 kwa msumari.

Wakati huo watu wa msikitini walifika, wameambiwa kamyoneti imelala kwangu. Walikuwa watatu, na kwa mazoea walienda moja kwa moja nyuma ya kamyoneti wakaweka mikono. Mzee Idrissa, ambaye mgongo wake hauruhusu tena, alikuja mbele kusimamia. Akaona uzi mkononi mwangu, akaushika.

"Hii fundo naijua," akasema. "Soudi aliifunga kwa mashine yangu ya kusaga."

"Wapi kwenye mashine?"

"Sijui. Hakuniambia. Alikuja wakati ya vita, akasema: Idrissa, askari wakikaribia, nitailaza mashine yako, isiwake. Lakini usiniulize nimefanya nini wala wapi. Wakikupiga, utakuwa huna ya kusema." Akajikuna ndevu. "Aliilaza. Halafu wakamuchukua. Mashine haikuwaka tena. Nilimuuzia muntu wa Kalima, kwa kilo, chuma tu."

"Na hukumwambia mtu?"

"Alinikataza. Alisema ziko nyingi katika muji, moja ikiamka mbele yao, wataelewa, watapiga wenye zote. Nikaapa kunyamaza." Akafikiri kidogo. "Hakuniambia mpaka lini. Na hii ya Kayembe sikujua. Hii tulisema ni baridi."

Niliibonyeza butoni. Taa ya kupimia, iliyokuwa bado imening'inia kwenye buji, ikawaka.

"Papa," nikamwambia Kayembe, "panda. Fungua ufunguo, hesabu mpaka kumi, kisha zungusha."

Alipanda. Alihesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, kama walivyomfundisha kwenye reli. Injini ikawaka kwa mguso wa kwanza, katika baridi ile, ikatulia na kunguruma kama ya teksi mpya. Wale watu watatu wa nyuma walibaki na mikono kwenye chuma kinachotetemeka, hawakujua waifanyie nini.

Kayembe hakushuka. Alikuwa anatazama usukani. Baada ya muda akazima mwenyewe, akauliza bila kugeuka: "Hii butoni ilikuwa hapa siku ile?"

"Ilikuwa hapa."

"Mimi nilikuwa nimekaa juu yake."

"Ndiyo, Papa."

Akateremsha mkono wake wa kushoto, polepole, kwenye ukingo wa kiti upande wa mlango. Vidole vilifika kwenye mshono bila kutafuta. "Aliweka mukono hapa," akasema. "Hapahapa. Walikuwa wanamuelekezea bunduki, na mukono wake ulikuwa hapa. Aliniambia endelea kujaribu."

Kidole kimoja, na askari wangeondoka na kamyoneti, na baba angerudi kunywa uji. Aliupeleka mkono pale kuhakikisha imezimwa. Au aliupeleka kwa kushawishika, hilo sitalijua. Nililia, na sikuficha. Nililia kwa uchungu na kwa furaha ya kipuuzi kabisa, kwamba baba yangu alijua kazi yake, aliijua kuliko sisi wote.

"Nitaenda sokoni leo," Kayembe akasema. "Nitawaambia. Miaka ishirini na nne nimemufanya Soudi kichekesho mbele ya watu. Leo nitawaambia yote, na butoni nitawaonyesha."

Hilo ndilo nililolitaka tangu nina miaka tisa, na lilikuwa limenifikia mkononi bila kuomba. Idrissa ndiye aliyeliharibu, kwa upole. Alikuwa na redio yake ndogo mfukoni, ile anayotembea nayo mwaka huu kama wengine wanavyotembea na dawa.

"Louis," akasema, "umesikiliza habari ya mashariki? Kila siku wanataja muji mwingine umekamatwa."

Kayembe alimtazama, kisha akaitazama kamyoneti yake. Alikuwa mtu wa reli, hakuwa mjinga. Mambo ukiyasema sokoni Kasuku saa tatu, saa sita yameshavuka mto. Na kila askari atakayepita hapa, wa upande wowote, atajua kwamba magari ya Kindu yana butoni.

"Salama," akasema. "Ni baba yako. Sema wewe."

Niliwaza butoni zile nyingine, sita za kabla ya hii namba 7 na zozote za baada, wenye nazo ambao hawakupigwa kwa sababu hakuna siri iliyotoboka. Walikuwa wanaishi, pengine walikuwa wanacheka sokoni pamoja na wengine. Nilikasirika nao wote kwa mpigo mmoja, kisha hasira ikaisha.

"Usiseme," nikamwambia.

"Basi iondoe hapa. Weka pahali mimi sijui. Iache imewashwa, Tshibola apate kwenda sokoni. Siku ya hatari utakuja kuizima."

Nikawaomba wote watoke nje ya geti, na wakatoka, wazee watano kwenye ukungu, wakasimama kuota moto wa mbabula. Kazi ilinichukua saa moja. Kwanza nilitoka kununua uzi wa nyavu kwa wachuuzi wa samaki, na mafundo niliyafunga kwa mkono, kama nilivyoyaona kwenye mkoba wangu wa shule. Namba 7 niliiacha. Nilipokuwa namalizia, Kayembe aliita kutoka nje, akiwa amegeuza mgongo asione.

"Salama. Wakikuja, na wakikushika, wewe uiwashe. Unasikia? Gari ni chuma. Usifanye kama baba yako."

Nilikuwa nimeshika uzi kwa meno.

Sasa kamyoneti inawaka kila asubuhi, na mji umeeleza jambo hilo kwa namna yake. Wanasema Soudi alishindwa, binti yake akaweza. Nimepata wateja mpaka kutoka Mikelenge. Mwanamke mmoja aliniambia kwa wema kabisa kwamba nimemfuta baba yangu aibu, nikamshukuru. Watu wa msikitini bado wanapita kwa Kayembe alfajiri. Hawana cha kusukuma, kwa hiyo wanakunywa chai.

Ahadi yake Kayembe ameivunja kwa idhini yangu. Anaisimulia hadithi sokoni kama zamani, kwa sababu angeiacha ghafla watu wangeuliza. Jana nilikuwepo. Alieleza askari, ukungu, chujio lililopulizwa, akafika pale baba anapoweka mkono kwenye kiti. Hapo sasa husimama. Huchukua kikombe, hunywa, hukiweka chini, hukichukua tena kikiwa kitupu. Kisha akasema, "Papa Louis, endelea kujaribu," na watu wakacheka sana. Alinitazama juu ya vichwa vyao, kuona kama naumia. Naumia. Nilicheka pamoja nao, kwa sauti, kwa sababu asiyecheka huulizwa sababu.